Jinsi wataalamu wanavyotambua jinsia ya binadamu wa kale kutokana na mifupa

MNAMO Agosti 1984, karibu na mto Nariokotome ulio magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa ambacho mtu mwingine angekipita akidhani ni kokoto. Kilikuwa kipande cha fuvu. Kikosi cha Richard Leakey na Alan Walker kilipoendelea kuchimba mahali hapo, kilipata sehemu kubwa ya mifupa ya zamadamu mmoja aliyefariki takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, akiwa bado hajakomaa.

Ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Mvulana wa Turkana. Mifupa yake imehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, na habari zake zimesomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wetu. Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza swali lililo wazi: walijuaje kwamba alikuwa mvulana?

Nyama, ngozi na nywele huoza. Mavazi nayo huliwa na mchwa. Kinachobaki ni mifupa na meno, aghalabu vikiwa vipande vipande. Kutokana na mabaki hayo, mtaalamu hutakiwa kueleza marehemu alikuwa na umri gani, alikuwa na kimo gani, aliugua nini na, kabla ya mengine mengi, alikuwa mume au mke. Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyofanywa, na kwa nini imewahi kuwapotosha hata mabingwa.

Umuhimu wa swali lenyewe

Jinsia ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuchunguzwa kwa sababu makadirio mengine huitegemea. Kimo cha marehemu hukadiriwa kwa kupima urefu wa mfupa wa paja, lakini hesabu inayotumiwa kwa wanaume si ile inayotumiwa kwa wanawake. Umri nao husomwa kwa viungo ambavyo hubadilika kwa namna tofauti katika jinsia hizo mbili.

Zaidi ya hayo, jinsia hubeba historia ya jamii nzima. Ni nani waliozikwa kwa heshima? Ni nani waliouawa vitani, na ni nani waliofariki wakijifungua? Mtafiti akikosea hapa, kosa lake huingia vitabuni na kukaririwa kwa miaka mingi kama ukweli usiotiliwa shaka.

Nyonga ndiyo shahidi wa kwanza

Katika mifupa yote ya mtu mzima, hakuna unaotegemewa kuliko nyonga. Sababu ni ya kimaumbile. Binadamu hutembea wima kwa miguu miwili, jambo linalofaidika na nyonga iliyobana. Wakati huo huo, mtoto wa binadamu huzaliwa na kichwa kikubwa, na hana budi kupita katikati ya nyonga ya mamaye. Ndiyo maana nyonga ya mwanamke ni pana na uwazi wake ni wa mviringo zaidi, ilhali ya mwanamume ni nyembamba na ndefu.

Mtaalamu huangalia mambo kadhaa. La kwanza ni pembe inayofanywa na mifupa miwili ya kinena inapokutana mbele. Kwa mwanamke pembe hiyo ni pana, mfano wa nafasi iliyoko baina ya kidole gumba na cha shahada mtu anapovitanua. Kwa mwanamume ni finyu, mfano wa nafasi iliyoko baina ya kidole cha shahada na cha kati.

La pili ni pengo lililo nyuma ya nyonga, mahali unapopitia mshipa mkubwa wa neva uelekeao mguuni. Pengo hilo ni pana kwa mwanamke na limebana kwa mwanamume. Kwa kuwa mfupa wa sehemu hiyo ni mzito, mara nyingi husalia hata pale mifupa ya kinena, iliyo dhaifu, inapovunjika na kupotea.

Mwaka wa 1969, mtaalamu wa Marekani T. W. Phenice alichapisha mbinu ya kutazama alama tatu ndogo kwenye mfupa wa kinena. Alionyesha kwamba mchunguzi aliyezoea angeweza kupata jibu sahihi kwa zaidi ya asilimia 95 ya mifupa ya watu wazima. Mbinu hiyo, pamoja na marekebisho yaliyofanywa baadaye, ingali inafundishwa vyuoni.

Fuvu na mifupa ya viungo

Nyonga isipopatikana, macho huelekezwa kwenye fuvu. Kwa kawaida fuvu la mwanamume huwa na tuta lililojitokeza juu ya macho, paji lililoinama kwa nyuma, kidevu kipana na nundu kubwa nyuma ya sikio ambapo misuli ya shingo hujishikiza. La mwanamke huwa laini zaidi na paji lake husimama wima. Kila alama hupewa kiwango kuanzia 1 hadi 5, kisha mtafiti hutazama jumla yake inaelemea upande gani.

Tatizo ni kwamba mifano hii ni ya kawaida tu, si sheria. Wapo wanaume wenye nyuso laini na wanawake wenye taya nene. Aidha, mafuvu ya baadhi ya wanawake huzidi kuwa mazito wanapozeeka, nayo ya vijana wa kiume huwa bado hayajapata ukakamavu. Kwa sababu hiyo fuvu haliaminiwi kama nyonga.

Mifupa ya mikono na miguu nayo hupimwa, hasa kipenyo cha kichwa cha mfupa wa paja, yaani ile sehemu ya duara inayoingia kwenye nyonga. Kwa wastani, wanaume huwa na viungo vikubwa. Lakini neno la kuzingatia ni wastani. Mwanamume wa jamii ya watu wafupi anaweza kuwa na mifupa midogo kuliko mwanamke wa jamii ya watu warefu.

Hapo ndipo panapozuka suala linaloihusu Afrika moja kwa moja. Vipimo vingi vilivyotumiwa katika karne ya 20 vilitokana na mifupa iliyokusanywa Marekani, mathalani katika mkusanyiko wa Hamann-Todd mjini Cleveland na ule wa Terry ulioko Washington. Kuvitwaa vipimo hivyo na kuvitumia bila marekebisho kwa mifupa ya Turkana au Kilifi ni sawa na kumshonea mtu nguo kwa vipimo vya jirani yake. Ndiyo sababu mikusanyiko ya barani humu, kama ule uliopewa jina la Raymond Dart katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, ina thamani kubwa.

Watoto hawatambuliki kwa urahisi

Tofauti zote zilizotajwa hukolea mtu anapobaleghe. Kabla ya hapo, mifupa ya msichana na ya mvulana hufanana mno hivi kwamba wataalamu wengi huona ni busara kutotoa uamuzi kwa kutazama tu.

Mfano mzuri umo hapa nchini. Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, watafiti walipata kaburi la mtoto wa umri wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa miaka ipatayo 78,000 iliyopita. Habari zake zilichapishwa Mei 2021, na hilo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa leo kuwahi kuthibitishwa barani Afrika. Watafiti walimwita Mtoto.

Jina hilo linafaa kwa namna ambayo huenda wasiojua Kiswahili hawaioni. Neno mtoto halifungamani na jinsia yoyote. Vivyo hivyo, anayesema kwa Kiswahili kwamba "alilazwa kwa ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa" halazimiki kuchagua baina ya mume na mke. Lugha nyingine humlazimisha mwandishi kuchagua tangu sentensi ya kwanza, hata pale ushahidi unapokuwa haujatimia.

Huko Nataruk, kusini magharibi mwa Ziwa Turkana, hali hiyo ilijitokeza kwa huzuni. Kikosi cha Marta Mirazón Lahr wa Chuo Kikuu cha Cambridge kilitangaza Januari 2016 kwamba kilikuwa kimepata mabaki ya watu wasiopungua 27 walioishi miaka ipatayo 10,000 iliyopita, wengi wa wale waliosalia na mifupa ya kutosha wakiwa na majeraha ya kupigwa kwa marungu na kuchomwa kwa mishale. Miongoni mwao kulikuwa na wanawake wasiopungua wanane na watoto sita. Mmoja wa wanawake hao alikuwa na mimba pevu, kwani mifupa ya kijusi ilipatikana ndani ya nyonga yake.

Wapo wataalamu waliotilia shaka baadhi ya majeraha hayo. Lakini ni kwa kutambua jinsia na umri wa waliokufa ambapo watafiti waliweza kujenga hoja kwamba hayo hayakuwa mapigano ya wapiganaji pekee, bali shambulizi dhidi ya jamii nzima.

Ushahidi wa DNA na meno

Tangu miaka ya 2000, uchunguzi wa chembechembe za urithi, yaani DNA, umebadilisha taaluma hii. Kwa kawaida mwanamke huwa na kromosomu mbili za X, ilhali mwanamume huwa na X moja na Y moja. Mtafiti hutoboa unga kidogo kutoka kwenye jino au mfupa mgumu wa sikio la ndani, kisha huhesabu ni vipande vingapi vya DNA vinatoka kwenye Y vikilinganishwa na vya X. Njia hii hufaa hata kwa watoto na kwa vipande vidogo vya mifupa.

Kikwazo chake kikubwa ni joto. DNA huvunjika haraka katika ardhi yenye joto na unyevu, na hivyo sehemu kubwa ya masalia ya Afrika hayatoi chochote.

Hapo ndipo jino linaposaidia. Gamba gumu jeupe linalofunika jino, ambalo wataalamu huliita enameli, hutengenezwa kwa msaada wa protini iitwayo amelojenini. Protini hiyo ina jeni yake kwenye X na nyingine kwenye Y, na mbili hizo hutofautiana kidogo. Jino huoshwa kwa asidi hafifu, kisha maji hayo hupitishwa kwenye mtambo unaopima uzito wa vipande vya protini. Alama ya Y ikionekana, marehemu alikuwa mwanamume. Isipoonekana, na protini ya X ikiwa nyingi, inaelekea alikuwa mwanamke. Mbinu hii ilianza kuenea kuanzia mwaka wa 2017.

Uwezo wake wa kuvumilia muda ni wa kustaajabisha. Mwaka wa 2025, kikosi kilichoongozwa na mtafiti Palesa Madupe kilichapisha matokeo ya meno manne ya zamadamu aina ya Paranthropus robustus kutoka pango la Swartkrans, Afrika Kusini, yenye umri wa takriban miaka milioni mbili. Mawili yalikuwa ya kiume na mawili ya kike. Jino moja lililodhaniwa kuwa la kike kwa sababu ya udogo wake lilibainika kuwa la kiume.

Makosa yaliyotoa funzo

Historia ya taaluma hii imejaa makosa, na mengi hayakutokana na mifupa bali na macho ya waliyoitazama.

Mwaka wa 1823, William Buckland, kasisi na msomi wa Oxford, alifukua mifupa iliyopakwa rangi nyekundu katika pango la Paviland huko Wales. Kandokando yake kulikuwa na mapambo ya pembe. Buckland aliamua kwamba ni mwanamke wa enzi za Warumi, na mifupa hiyo ikaitwa Bibi Mwekundu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba alikuwa kijana wa kiume, aliyefariki zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Mapambo ndiyo yaliyompa jinsia asiyokuwa nayo.

Upanga nao uliwapotosha wengine kwa upande wa pili. Mnamo 1878, Hjalmar Stolpe alifukua kaburi la karne ya 10 huko Birka, Uswidi. Ndani yake mlikuwa na upanga, shoka, mishale, mikuki na farasi wawili. Kwa zaidi ya miaka 100 kaburi hilo lilitajwa kama mfano wa kaburi la shujaa wa kiume. Mifupa ilipokaguliwa upya ilionekana kuwa ya mwanamke, na mwaka wa 2017 DNA ikathibitisha hivyo.

Huko Valencina, kusini mwa Uhispania, kaburi la kifahari lililopatikana 2008 na lenye umri wa takriban miaka 5,000 lilidhaniwa kuwa la kijana wa kiume mwenye cheo. Ndani yake mlikuwa na pembe za ndovu na jambia la jiwe angavu kama kioo. Mwaka wa 2023, amelojenini ya meno ilionyesha kwamba mwenye kaburi alikuwa mwanamke.

Nako Wilamaya Patjxa, kwenye milima ya Peru, kikosi cha Randall Haas kilifukua mwaka wa 2018 mifupa ya mtu wa umri wa miaka 17 hadi 19 aliyezikwa na silaha za mawe za kuwindia miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Meno yake yalionyesha kuwa alikuwa wa kike. Wapo wanaoonya kwamba kuzikwa na silaha si thibitisho kuwa marehemu alizitumia. Onyo hilo ni la haki, ila ni vyema kukumbuka kwamba halikutolewa kwa sauti kubwa wakati waliozikwa na silaha walipodhaniwa kuwa wanaume.

Kwamba upendeleo huo si wa watu wachache tu kulionyeshwa na Kenneth Weiss mwaka wa 1972. Alipokagua takwimu za makaburi mengi, alikuta idadi ya waliohesabiwa kuwa wanaume imezidi ile inayotarajiwa kwa karibu asilimia 12. Haiwezekani kwamba wanawake walikuwa wachache kiasi hicho. Mifupa iliyokuwa na utata ilikuwa ikitupwa upande wa wanaume.

Mwambao wa Waswahili

Matokeo ya mbinu hizi yamefika hadi mlangoni petu. Machi 2023, kikosi kilichomjumuisha mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba kilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya mwambao, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara na Kilwa, na mmoja wa bara, Makwasinyi.

Kromosomu ya Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume pekee. Kwa upande mwingine, ipo DNA nyingine ambayo kila mtu huipata kwa mama. Kwa kulinganisha hizo mbili, watafiti waliona kwamba asili ya upande wa akina mama ilikuwa kwa wingi ya Kiafrika, na kwamba sehemu kubwa ya asili ya upande wa akina baba ilitoka Asia, hususan Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka wa 1000.

Hivyo, mjadala wa miaka mingi kuhusu ni nani waliojenga miji hiyo umepata shahidi mpya. Bibi wa Kiafrika, ambaye baadhi ya wanahistoria wa kikoloni hawakumtaja kabisa, amerudishwa kwenye nasaba na mifupa ya wajukuu wake.

Mipaka ya elimu hii

Haifai, hata hivyo, kuamini kwamba maabara imemaliza kila utata. Kwa mfano, zamani ilidhaniwa kwamba makovu madogo kwenye nyonga huonyesha mwanamke aliyewahi kuzaa. Leo wataalamu hawayategemei, kwa kuwa yamepatikana pia kwa wasiozaa na hata kwa wanaume.

Wapo pia watu ambao kromosomu zao haziangukii upande wowote wa kawaida. Katika kaburi la Suontaka, Finland, lililopatikana 1968, marehemu alivaa mavazi ya kike na kuzikwa na upanga. Uchunguzi uliochapishwa 2021 ulieleza kwamba huenda alikuwa na kromosomu XXY. Mifupa hutuambia maumbile ya mtu. Haituambii jamii yake ilimwita nani wala ilimpa kazi gani.

Lucy, zamadamu mashuhuri aliyepatikana Hadar, Ethiopia, mwaka wa 1974, aliitwa wa kike hasa kwa sababu ya udogo wake. Mwaka wa 1995 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Zurich walidai kwamba huenda alikuwa wa kiume. Wengi hawakukubaliana nao, lakini walilazimika kurudi kwenye nyonga na kuipima upya. Hivyo ndivyo elimu inavyosonga mbele.

Mvulana wa Turkana naye alitambuliwa kwa umbo la nyonga na unene wa fuvu lake, vikilinganishwa na masalia mengine machache ya spishi yake. Ni uamuzi wenye hoja nzuri, na wataalamu wengi wameukubali. Hata hivyo, kwa kuwa alifariki kabla ya kukomaa, msomaji makini ataukumbuka kama hukumu iliyotolewa kwa ushahidi uliopo.

Elimu hii haiwahusu wa kale pekee. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, vipimo vya DNA ndivyo vilivyotegemewa ili familia ziweze kuwatambua na kuwazika jamaa zao. Awe ni wa miaka milioni moja iliyopita au wa juzi, marehemu asiye na jina anastahili kuchunguzwa kwa uangalifu ule ule, na kupewa lile tu ambalo mifupa yake inathibitisha.